Uza maembe, lakini usisahau kumwachia mwanao

KILA ifikapo Novemba hadi Februari, ukipita barabara ya Kilwa kuanzia Vikindu, Mkuranga hadi Kibiti mkoani Pwani, utakutana na ndoo na matenga ya maembe yaliyopangwa kando ya barabara. Hali huwa hiyo hiyo Muheza mkoani Tanga, na pia Tabora, mji ambao miembe yake mikongwe ni kumbukumbu ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji katika karne ya 19.

Mwanzoni mwa msimu bei huwa nzuri. Lakini miembe inapoiva yote kwa pamoja, ndoo huuzwa kwa bei ya kutupa, wenye magari huchagua wanachotaka, na maembe yanayobaki huozea chini ya mti huku nzi wakiyazingira.

Wapo pia wakulima ambao hawafiki hata hapo. Shida ya fedha za ada, mbolea au matibabu huwalazimu kuuza mti mzima ungali na maua. Mnunuzi anauangalia mti kwa macho, anakadiria, analipa, kisha anakuja kuchuma matunda yakikomaa. Tangu siku hiyo watoto wa nyumba hiyo huambiwa wasiguse embe hata moja, kwa kuwa mti si wa kwao tena.

Hapo ndipo hasara ya pili inapoanza, hasara ambayo haiandikwi kwenye daftari la mauzo. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa karibu theluthi moja ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi sita hadi miaka mitano walikuwa na upungufu wa vitamini A. Utafiti kama huo wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa watoto 58 kati ya 100 wa umri huo walikuwa na upungufu wa damu. Embe peke yake haliwezi kumaliza matatizo hayo, lakini ni moja ya vyakula vinavyosaidia, tena liko uani.

Makala haya yanaeleza kilichomo ndani ya tunda hili, nani anufaike nalo na kwa namna gani, na jinsi mkulima na mchuuzi wanavyoweza kuuza embe ambalo ni salama kwa mlaji.

Kuna nini ndani ya embe

Embe lililoiva lina maji mengi. Katika kila gramu 100 za nyama yake, takriban gramu 83 ni maji. Kinachobaki ni sukari ya asili ya tunda, wastani wa gramu 14, nyuzinyuzi kama gramu moja na nusu, na kiasi kidogo sana cha protini na mafuta. Nguvu inayopatikana ni kilokalori 60 hivi.

Sifa kubwa ya embe iko kwenye vitamini. Gramu hizo 100 zina wastani wa miligramu 36 za vitamini C. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate miligramu 45 kwa siku. Kwa hiyo embe moja la wastani, ambalo likimenywa na kutolewa kokwa hubaki na gramu 200 za nyama, linampa mtu mzima zaidi ya mahitaji yake ya siku nzima.

Rangi ile ya njano iliyokolea inatokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Pia kuna foliki, ambayo huhitajika sana kwa mjamzito, na madini ya potasiamu ambayo husaidia mwili kudhibiti shinikizo la damu.

Viwango hivi si sawa kwa kila embe. Dodo, bolibo, sindano, viringe na yale ya kisasa ya kubebeshwa kama Apple, Kent, Keitt na Tommy Atkins hutofautiana. Kanuni rahisi ya kukumbuka ni kwamba kadiri nyama inavyokuwa na rangi ya chungwa iliyokolea, ndivyo karotini inavyokuwa nyingi. Aidha, embe bichi huwa na vitamini C nyingi kuliko lililoiva, wakati lililoiva huwa na karotini nyingi kuliko bichi. Kwa hiyo hata wale wanaopenda embe bichi kwa chumvi na pilipili hawapotezi kitu, ilimradi chumvi isizidi.

Macho na kinga ya mwili

Vitamini A huliwezesha jicho kuona kwenye mwanga hafifu. Mtoto anayekosa vitamini hii kwa muda mrefu huanza kupapasa jioni, anajikwaa kwenye vitu ambavyo wenzake wanaviona. Upungufu ukizidi, kioo cha jicho huharibika na mtoto anaweza kupofuka kabisa.

Lakini kabla ya kufika kwenye macho, upungufu huo hudhoofisha kinga. Mtoto huugua zaidi akipata surua au kuharisha, na hatari ya kufa huongezeka. Ndiyo sababu Serikali hutoa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka kwa watoto wa miezi sita hadi miaka mitano. Mzazi asidhani kwamba kwa kuwa ana miembe nyumbani basi matone hayo hayamhusu. Ampeleke mtoto wake.

Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anayekula nusu embe, yaani gramu 100 hivi, hupata kiasi cha moja ya sita ya vitamini A anayohitaji kwa siku, na vitamini C yote anayohitaji. Sehemu iliyobaki ya vitamini A inabidi itoke kwenye papai, boga, karoti, matembele, mchicha, viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, mayai, maini na dagaa. Mtoto aliyefikisha miezi sita anaweza kuanza kulishwa embe lililopondwa vizuri, huku akiendelea kunyonya.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba karotini huyeyuka kwenye mafuta. Mtoto akila embe peke yake akiwa na njaa, sehemu kubwa ya karotini hupita bila kutumika. Akila mara baada ya mlo wenye mafuta kidogo, kwa mfano mboga iliyoungwa kwa karanga au tui la nazi, au akila pamoja na parachichi, mwili wake hunufaika zaidi. Hili halihitaji fedha, linahitaji kubadili saa ya kula tu.

Embe na upungufu wa damu

Embe halina madini ya chuma ya kutosha kuongeza damu, na anayelitangaza hivyo anapotosha. Hata hivyo, vitamini C iliyomo hufanya kazi nyingine muhimu. Chuma kilichomo kwenye maharage, kunde, choroko na mboga za majani hufyonzwa kwa shida na mwili. Vitamini C inapokuwamo katika mlo huo huo, chuma hicho hufyonzwa kwa wingi zaidi.

Familia inayokula ugali na maharage mara nyingi inaweza kunufaika sana ikimalizia mlo kwa vipande vya embe. Chai, kwa upande mwingine, huzuia chuma kufyonzwa. Ni vizuri inywewe walau saa moja kabla au baada ya mlo, si pamoja na chakula kama ilivyo kawaida katika nyumba nyingi.

Mjamzito naye ale embe bila wasiwasi, lakini asiache vidonge vya madini ya chuma na foliki anavyopewa kliniki. Foliki iliyo katika embe ni nyongeza, haitoshi mahitaji yake.

Nani ale kwa kipimo

Mgonjwa wa kisukari haruhusiwi kula embe kiholela, lakini pia si kweli kwamba amekatazwa kabisa. Embe moja la wastani lina sukari ya gramu 27 hivi. Kinachoshauriwa ni kula vipande vichache, si embe zima kwa wakati mmoja, kupunguza chakula kingine cha wanga katika mlo huo, na kupima sukari ili ajue mwili wake unavyopokea. Juisi ni hatari kwake kuliko tunda lenyewe, kwa kuwa glasi moja inaweza kutumia maembe mawili au matatu, nyuzinyuzi huchujwa, na wauzaji wengi huongeza sukari juu yake.

Mwenye ugonjwa wa figo anapaswa kumuuliza daktari wake kwanza, kwa sababu ya potasiamu.

Kuna pia watu ambao midomo huwavimba au kuwawasha wakila embe kwa kung'ata ganda. Embe na korosho ni ndugu wa jamii moja, na utomvu wa mwembe una kemikali inayofanana na ile iliyo kwenye mafuta ya ganda la korosho yanayounguza mikono. Mtu wa namna hii anawe, amenyewe embe na mtu mwingine, na ale nyama tu.

Majani ya mwembe nayo yamekuwa yakiuzwa kama dawa ya kisukari na magonjwa mengine. Ni kweli wanasayansi wameyachunguza majani hayo maabara, lakini hakuna sababu ya mgonjwa kuacha dawa za hospitali kwa ajili yake. Mfanyabiashara anayetaka kudumu sokoni auze embe kama chakula kizuri, asiliuze kama tiba.

Embe halileti malaria

Wapo wanaoamini kwamba kula maembe mengi huleta malaria au homa. Imani hii imewanyima watoto wengi tunda hili. Kilichotokea ni kwamba maembe huiva wakati wa mvua, na mvua hizo hizo huacha madimbwi wanamozaliana mbu. Malaria huenezwa na mbu jike aina ya Anopheles na si kitu kingine. Anayekula embe huku akilala ndani ya chandarua hana cha kuogopa.

Kuharisha ni suala jingine, na hapo lawama si ya embe bali ya uchafu. Embe lililookotwa chini, likafutwa kwenye nguo na kuliwa, hubeba vimelea vya udongo na vinyesi. Katika msimu wa mvua, wakati kipindupindu kinapoweza kuzuka, maembe yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kumenywa, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Kuvundika bila kabaidi

Suala linalowagusa moja kwa moja wafanyabiashara ni namna ya kuivisha. Ili kuwahi bei nzuri za mwanzo wa msimu, baadhi ya watu huchuma maembe machanga na kuyaivisha kwa kabaidi, ile inayotumiwa na mafundi wa kuchomelea vyuma. Kabaidi ikikutana na unyevu hutoa gesi inayolifanya ganda libadilike rangi haraka.

Tatizo ni kwamba kabaidi ya viwandani huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, ambazo ni sumu. Anayeathirika kwanza ni yule anayeishika na kuvuta hewa yake ndani ya stoo, na gesi yenyewe inaweza kulipuka ikikutana na moto. India, nchi inayoongoza duniani kwa uzalishaji wa maembe, imepiga marufuku kuivisha matunda kwa njia hiyo.

Tena embe changa haliwi tamu kwa kubadilishwa rangi. Mara nyingi ganda huwa la njano sawasawa pande zote, lakini ndani nyama ni ngumu, nyeupe na chachu. Mteja aliyenunua embe la namna hiyo hatarudi kwenye meza yako.

Wazee wetu walijua kuvundika, na njia yao ina maelezo ya kisayansi. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya asili iitwayo ethilini, ambayo huyaamsha mengine nayo yaive. Panga maembe yaliyokomaa kwenye sanduku au tenga lililotandikwa nyasi kavu, weka ndizi chache zilizoiva katikati, kisha funika bila kubana sana ili hewa ipite. Kagua kila siku na utoe yaliyoiva. Kwa kawaida siku tatu hadi tano hutosha. Mvumilivu hula mbivu, na katika biashara hii huuza mbivu pia.

Sharti la kwanza ni kuchuma embe lililokomaa. Angalia mabega ya tunda karibu na kikonyo. Yakiwa yamejaa na kuinuka, embe limekomaa. Kata moja la mfano. Ukikuta nyama ya karibu na kokwa imeanza kuwa ya njano, unaweza kuanza kuchuma. Acha kipande kifupi cha kikonyo ili utomvu usimwagike na kuunguza ganda, na usitikise mti, kwa sababu embe lililoanguka huoza kuanzia ndani hata kama kwa nje linaonekana zima.

Adui aliyekuja mwaka 2003

Mwaka 2003 nzi wa matunda kutoka Asia, ambaye sasa anajulikana kitaalamu kama Bactrocera dorsalis, aligunduliwa kwa mara ya kwanza barani Afrika, nchini Kenya, na baadaye akaonekana Tanzania na nchi nyingine nyingi. Jike hutaga mayai chini ya ganda na funza hula nyama ya tunda. Kwa sababu ya nzi huyo, Kenya ilijizuia kupeleka maembe yake Umoja wa Ulaya mwaka 2014, na haikurejea katika soko hilo hadi mwaka 2021.

Mkulima mdogo anaweza kupunguza hasara kwa kuokota maembe yote yaliyoanguka, kila siku ikiwezekana, na kuyafukia kwenye shimo ambalo udongo wa kuyafunika una kina cha walau nusu mita, au kuyafunga ndani ya mfuko mzito na kuuacha juani. Kuyaacha chini ya mti ni sawa na kufuga nzi kwa ajili ya mavuno yanayofuata. Mitego yenye kivutio cha madume nayo husaidia, hasa majirani wakiitega kwa pamoja. Zaidi ya hapo, tunda lisilo na funza halihitaji kupuliziwa dawa nyingi, na hiyo ni faida kwa afya ya mlaji.

Kausha kinachozidi

Kwa kuwa msimu ni mfupi, familia inayotegemea embe kwa miezi mitatu tu hukaa miezi tisa bila hiyo karotini. Njia mojawapo ya kuirefusha neema hii ni kukausha.

Kwa wastani, kilo 10 hadi 15 za maembe mabichi hutoa kilo moja ya yaliyokauka. Sababu ni rahisi. Katika kilo 10, kokwa na maganda huchukua kama kilo nne. Kilo sita zilizobaki ni maji kwa sehemu kubwa. Mfanyabiashara akokotoe hesabu yake kwa uwiano huo kabla ya kuanza: bei ya ndoo, nguvu kazi, vifungashio na usafiri, kisha agawanye kwa kilo anazotarajia kupata.

Tumia maembe yaliyoiva lakini bado magumu. Yaoshe, yamenye, kata vipande vyembamba vya unene wa nusu sentimita hivi, na uvichovye kwenye maji yenye limau ili visibadilike rangi. Vipange kwenye kaushio la jua lililofunikwa. Kuanika wazi juani kwenye turubai hualika nzi na vumbi, tena jua kali la moja kwa moja huharibu karotini. Siku mbili hadi tatu za jua zuri hutosha. Vipande viwe laini kama ngozi, visitoe unyevu ukivibana kwa vidole. Vifungashe visipitishe hewa na uviweke mahali penye giza na ubaridi. Vikipata unyevu vitaota ukungu, na vyenye ukungu vitupwe.

Mlaji aelezwe kwamba vitamini C hupungua sana wakati wa kukausha, na sukari huwa imekusanyika pamoja. Kiganja kimoja cha vipande vikavu kinatosha kwa mtoto. Kwa anayetaka kuuza madukani, viwango vya chakula nchini husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo mwaka 2019 lilipokea kazi hiyo kutoka kwa iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) husaidia wasindikaji wadogo kwa mafunzo na ushauri.

Mchuuzi wa vipande vya maembe mjini naye ana jukumu lake. Aoshe embe kabla ya kulimenya, kwa kuwa kisu hubeba uchafu wa ganda hadi kwenye nyama. Atumie vikopo safi vyenye mfuniko, asimenye maembe ya siku nzima kwa mara moja, na kile ambacho hakikuuzwa kisirudi mezani kesho yake.

Mti mmoja wa watoto

Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima ale walau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Nyumba nyingi za wakulima wa maembe hazifikii kiasi hicho, si kwa sababu matunda hayapo, bali kwa sababu yote yameshahesabiwa kuwa fedha.

Ushauri wetu ni mdogo. Unapokubaliana na mnunuzi wa miti, mtengee mwanao mti mmoja usiouzwa, na useme hivyo mbele ya mashahidi kabla hujapokea malipo. Ikiwa una nafasi ya kupanda, changanya aina zinazowahi na zinazochelewa kuiva ili msimu urefuke mezani na sokoni.

Fedha ya embe hulipa ada, na ada ni muhimu. Lakini mtoto anayelipiwa ada hiyo anahitaji macho yanayoona ubaoni na mwili usiougua kila mara. Kabla hujayapakia matenga kwenye gari msimu huu, hesabu na la nyumbani.